Wasifu uliosomwa mara mbili: kisa cha familia ya mpiganaji wa Vita vya Kagera

Kisa hiki kinahusu nini

Katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini marehemu huzikwa ndani ya siku mbili au tatu, na kabla jeneza halijashushwa kaburini husomwa wasifu wake. Kwa wakulima wengi karatasi hiyo ndiyo maandishi pekee yatakayowahi kuandikwa juu ya maisha yao, nayo huandikwa katika saa mbaya kuliko zote: usiku, na watu waliochoka, huku wengine wakihangaikia jeneza, unga, maturubai na nauli za ndugu walio mbali. Marehemu akiwa mtu aliyepigana vita, ugumu huongezeka, kwa sababu vita vina historia yake iliyokwisha kuandikwa, na historia hiyo huimeza ya mtu mmoja bila mwandishi wa wasifu kutambua.

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika kijiji kimoja cha ukanda wa misitu na chai, kati ya Mafinga na Njombe. Majina yote, kijiji, usharika na mwaka wa kifo vimeondolewa, na mambo machache ambayo yangeitambulisha familia yamebadilishwa. Mjane na watoto wake walisomewa maandishi haya na kuyaridhia. Mwandishi ni mzee wa usharika ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiombwa na familia mbalimbali azisaidie kuandika wasifu wa marehemu wao. Katika kisa hiki aliitwa baada ya maziko, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika kidogo.

Usuli

Marehemu, ambaye hapa ataitwa Mzee, alizaliwa katikati ya miaka ya 1950, akasoma hadi darasa la nne, kisha akapata mafunzo ya mgambo akiwa kijana. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, nia ipo na uwezo upo, Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mke na mtoto mmoja wa mgongoni. Jeshi lililokwenda mbele halikuwa la askari wa kudumu wa JWTZ peke yao. Lilijazwa na mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza waliokusanywa kutoka mikoa yote, wengi wao wakiwa hawajawahi kuliona Ziwa Viktoria. Kutoka kata yake waliondoka vijana watatu waliofahamiana tangu utoto. Wawili walirudi.

Vita viliisha rasmi tarehe 3 Juni 1979, majeshi yetu yalipofika mpaka wa Uganda na Sudan. Mzee alirudi nyumbani mwaka huohuo, katika nchi iliyokuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Kama wote waliokuwa watu wazima wakati ule wanavyokumbuka, miezi hiyo ilipita na mkanda ukazidi kubana. Alichukua jembe. Alilima mahindi na viazi mviringo, akakinga ulanzi, pombe ya mianzi, wakati wa masika, na baadaye akaanza kupanda misindano, muda mrefu kabla ya watu wa mjini kugundua kwamba mbao zina fedha. Alipata watoto sita na wajukuu kumi na tisa, na kila mjukuu alipozaliwa alimpandia mstari wa miti. Karo ya wajukuu wakubwa watatu ilitoka katika mistari hiyo, na mmoja wao leo ni muuguzi.

Kuhusu vita, nyumba yake ilijua machache. Kulikuwa na kikombe cha bati cha kijani kilichobanduka rangi ukingoni, ambacho alirudi nacho na ambacho wajukuu walikigombania kila asubuhi ya uji. Kulikuwa na habari ya mvua na ya kutembea, ambayo aliirudia kwa maneno yaleyale: walitembea hadi viatu vikaoza. Mtoto akimuuliza kama aliua mtu, alitumwa kuchota maji. Cheti chake kilikaa juu ya dari kwa miaka mingi, na kiliposhushwa kilikuwa kimeliwa na mchwa kiasi cha kubaki mhuri na nusu ya tarehe.

Mambo yalivyotokea

Mzee alifariki mwezi Juni, baada ya kuugua kwa wiki chache. Mtoto wake wa tatu, mfanyabiashara wa Dar es Salaam na ndiye aliyegharimia sehemu kubwa ya matibabu na msiba, alikabidhiwa kazi ya kuandika wasifu kwa sababu ana kisomo na mwandiko wake ni mzuri. Aliuandika kwenye simu akiwa njiani, na kwa maelezo yake mwenyewe sehemu ya vita aliimaliza basi likipanda Kitonga. Kwa kuwa alijua machache kutoka kwa baba yake, alijazia kwa aliyoyasoma kwenye intaneti.

Aliyoyasoma yalikuwa sahihi. Ni kweli kwamba daraja la Kyaka lilivunjwa, kwamba Masaka ilitekwa mwezi Februari 1979, kwamba tarehe 10 na 11 Machi palipiganwa vita vikali Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi, dhidi ya majeshi ya Amin yaliyosaidiwa na Walibya, na kwamba Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili. Tatizo ni kwamba kila tukio alimweka baba yake ndani yake. Wasifu uliosomwa kaburini kwa kipaza sauti ulisema kwamba Mzee alivuka Kagera na kikosi cha kwanza, akapigana usiku kucha Lukaya, akawa miongoni mwa askari wa kwanza kuingia Kampala. Aya nne zilikuwa za vita. Maisha yaliyobaki, zaidi ya miaka arobaini, yalipata sentensi moja: ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na tisa.

Miongoni mwa waombolezaji alikuwepo yule mwenzake aliyerudi naye mwaka 1979, mzee wa kijiji cha jirani, aliyeletwa kwa bodaboda akiwa amejifunga blanketi kwa ajili ya baridi. Alisikiliza hadi mwisho, akatupa udongo wake, akanawa mikono. Kisha akamwita msemaji wa ukoo pembeni, nyuma ya mrundo wa kuni, akamwambia: "Mwanangu, huyo mliyemsoma simfahamu. Mimi ninayemfahamu alikuwa na bega lililochubuka kwa masanduku ya risasi na machela za majeruhi, na Lukaya ilipopiganwa alikuwa amelala Masaka na homa." Kampala alifika, aliendelea kusema, lakini wiki kadhaa baada ya kutekwa, na alikwenda huko kulinda ghala.

Msemaji wa ukoo hakulitangaza jambo hilo, ila jioni alilifikisha kwa watoto. Mtoto wa tatu aliona ni wivu wa uzeeni. Binti mkubwa hakuona hivyo, na hapo ndugu wakagawanyika, wengine wakisema baba yao amevuliwa heshima siku ya kuzikwa, wengine wakisema amevalishwa ya mtu mwingine. Kilichofanya jambo hilo lisiweze kuachwa lipoe ni kaburi. Mtoto wa tatu alikuwa amekwisha kutoa malipo ya awali kwa fundi wa mjini kwa ajili ya bamba la marumaru lenye maneno "Shujaa wa Lukaya na Kampala", liwekwe siku ya arobaini. Karatasi husahauliwa, lakini bamba la marumaru husomwa na kila apitaye kwenda shambani, na mzee mwenzake, kama angejaliwa uzima, angelipita kila mara aendapo ibadani.

Siku chache baadaye mjukuu mmoja wa kike, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alisema kwamba kwenye simu yake kuna sauti ya babu. Alimrekodi mwaka uliotangulia wakipukuchua mahindi, kwa ajili ya kazi ya somo la historia, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kutosahihisha chochote kaburini, ulikuwa wa msemaji wa ukoo, naye aliufanya kwa dakika chache tu. Sababu yake ilikuwa kwamba kaburi lililo wazi si mahali pa kuhojiana, na kwamba aliyekosea ni mfiwa aliyekesha safarini. Mzee mwenzake aliliona hilo pia, ndiyo maana alizungumza nyuma ya kuni na si mbele ya watu.

Uamuzi wa pili ulihusu bamba. Binti mkubwa alimpigia fundi simu, akamwomba asianze kuchonga, lakini asirudishe fedha. Alieleza kwamba kudai fedha irudishwe kungefanya kaka yake aone kazi yake yote imekataliwa, wakati kilichotakiwa kusubiri kilikuwa maneno tu. Huu ni uamuzi mdogo ambao kwa maoni yangu ulifanya mengine yote yawezekane.

Hapo ndipo mwandishi alipoitwa, na hoja yake kwa familia ilikuwa moja: tuanze kwa mjane. Ajabu ni kwamba katika siku zote zile hakuna aliyekuwa amemwuliza mama lolote kuhusu vita, kwa fikra kwamba vita ni habari za wanaume, ingawa ndiye aliyebaki na mtoto mgongoni bila barua kwa miezi kadhaa, na ndiye aliyelala naye nyumba moja tangu aliporudi. Mama alizungumza jikoni akichambua maharage, bila haraka. Alijua kuhusu masanduku ya risasi. Alijua kuhusu Masaka na homa. Alijua pia jambo ambalo watoto wake walikuwa wakilieleza kwa namna nyingine kabisa: kila masika ilipoanza kunyesha kwa nguvu usiku, Mzee alitoka kitandani akakaa jikoni penye mafiga hadi kunapambazuka. Watoto waliamini alikuwa akisikilizia nguruwe pori waharibuo mahindi, na yeye mwenyewe aliwaacha waamini hivyo.

Mama aliomba jambo hilo lisisomwe mbele ya majirani. Ameruhusu liandikwe hapa kwa sababu hakuna jina. Familia ilikubali, ijapokuwa binti mdogo aliona kwamba ndilo jambo la kweli kuliko yote katika habari za baba yake na kwamba kulificha ni kurudia kosa la wasifu wa kwanza kwa upande mwingine. Hoja yake ilikuwa na uzito. Kilichoamua ni kwamba Mzee alikuwa hai kwa zaidi ya miaka arobaini, alikuwa na mdomo, na hakusema. Mjane ndiye aliyekuwa amelindwa na ukimya huo pamoja naye, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuufungua.

Baada ya mama, alifuatwa mzee mwenzake. Walikwenda binti mkubwa na mtoto wa tatu pamoja, na hili lilipangwa kwa makusudi, ili yule aliyemshuku asikie kwa masikio yake. Walimkuta juani, wakamwamkia "Kamwene, baba", wakakaa naye hadi chai ya pili kabla ya kuuliza. Mzee huyo mwenzake hakugusia wasifu hata kidogo. Alieleza jinsi walivyopakiwa kwenye malori, jinsi mgambo waliosoma kidogo walivyopewa kazi za kubeba wakati silaha nzito zikipewa waliozizoea, na jinsi Mzee alivyombeba askari aliyevunjika mguu kutoka bondeni hadi barabarani peke yake, kwa sababu mwenzake wa machela alikuwa amejeruhiwa. Mtoto wa tatu aliuliza kwa nini baba hakuwahi kulisema hilo. Mzee mwenzake akajibu kwamba yule aliyebebwa alifariki usiku uleule, sasa angelisema kwa ajili gani.

Maelezo yaliyokusanywa yaligawanywa katika mafungu matatu: yale Mzee aliyoyasema mwenyewe, yakiwemo ya kwenye simu ya mjukuu; yale yaliyoonwa na aliyekuwepo; na yale yanayojulikana na wote kuhusu vita. Kanuni iliyowekwa ni kwamba fungu la tatu lingetumika kumweleza msikilizaji wakati na mahali tu, na jina la Mzee lisiwe kiima cha sentensi yoyote iliyotoka humo. Kwa hiyo "Majeshi yetu yaliiteka Masaka mwezi Februari 1979" ilikubaliwa, na "Mzee aliiteka Masaka" ilikataliwa. Kanuni hii inaonekana ya kitoto, lakini ilipotumiwa kwenye wasifu wa kwanza ilifuta karibu aya tatu nzima.

Jaribu kubwa lilikuja kutoka upande usiotarajiwa. Mjukuu mwingine, kijana wa chuo, alisoma habari za kinamasi cha Lukaya akakumbuka kwamba babu hakuwahi kulima vinyungu. Huku kwetu karibu kila nyumba yenye kipande cha bonde hulima vinyungu wakati wa kiangazi, mahindi mabichi na mboga kwenye udongo wenye unyevu, na Mzee alimwachia mkewe kazi hiyo yote. Kijana aliandika aya nzuri sana, nzuri kuliko zote zilizoandikwa katika kisa hiki, akieleza kwamba babu yake aliogopa mabonde kwa sababu ya vita. Wengi waliisoma wakalia. Mama alipoisikia alicheka. Alisema kwamba walikubaliana mwaka walipoanza kupata watoto wengi kuwa fedha ya viazi ni ya baba na fedha ya vinyungu ni ya mama, na mwanaume mwenye akili hakanyagi shamba lenye fedha ya mke wake. Aya ikaondolewa. Mzee hata hakuwepo Lukaya.

Kuhusu heshima za kijeshi, mtu mmoja alitumwa kwenye ofisi moja siku ya pili ya msiba kuuliza kama mgambo wa zamani hupewa, na kwa kuwa cheti kilikuwa kimeliwa na mchwa hakupata jibu kabla ya maziko. Familia haikulifuatilia tena. Kuhusu tarehe, mtoto wa tatu alipendekeza arobaini isogezwe mbele siku chache ili iangukie tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mama alikataa kwa sababu ya kawaida kabisa: siku hiyo haikuwa mwisho wa juma, wajukuu wangekosa shule na wafanyakazi wangeomba ruhusa mara mbili. Ibada ikabaki Jumamosi.

Matokeo

Wasifu wa pili ulisomwa siku ya arobaini. Aliyeusoma ni mtoto wa tatu, kwa ombi la mama yake, na hapakutangazwa kwamba wa kwanza ulikuwa na makosa. Ulianza tu kwa maneno kwamba familia imepata nafasi ya kukusanya habari zaidi kutoka kwa waliomfahamu. Sehemu ya vita sasa ilikuwa aya moja ndefu. Ilisema alikwenda akiwa mgambo, alibeba risasi na majeruhi, aliugua Masaka, alilinda ghala Kampala, akarudi nyumbani mwaka 1979. Ilimtaja aliyerudi naye, ambaye alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ikamtaja yule wa tatu ambaye hakurudi.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mkulima, baba na babu, na hiyo ndiyo iliyowafanya watu watikise vichwa kwa kukubali, kwa kuwa walikuwa mashahidi. Ilieleza mistari ya misindano kwa majina ya wajukuu. Ilieleza kwamba hakuwahi kumchapa mtoto, jambo ambalo katika kijiji hicho lilimfanya achekwe na wanaume wenzake kwa miaka. Ilieleza kwamba mgonjwa alipohitaji kubebwa hadi barabarani, kabla bodaboda hazijaja, Mzee ndiye aliyeitwa, usiku au mchana, na kwamba alikuwa na namna yake ya kufunga blanketi kwenye miti miwili ambayo vijana waliiga bila kujua alikojifunza. Jambo hili la mwisho lilitoka kwa jirani, baada ya kusikia habari za machela. Miaka yote kijiji kilikuwa kikibebwa kwa ujuzi wa vitani na hakuna aliyelitambua.

Kisha ikachezwa sauti ya mjukuu kwa kipaza sauti, kipande kifupi kilichochaguliwa na mama. Babu anaeleza juu ya mvua, anakohoa, anamkemea mtu anayetupa magunzi mahali pasipotakiwa, anarudi kwenye mvua. Watoto wadogo walicheka waliposikia akikemea.

Maneno ya bamba yalikuwa magumu kuliko wasifu wote. "Shujaa" lilijadiliwa kwa siku kadhaa: mtoto wa tatu alilitaka, mzee mwenzake alisema waitwao hivyo wamezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita hivyo kule Muleba, na binti mkubwa alitaka liachwe kabisa. Mwisho mama alisema: andikeni kwamba alikwenda na kwamba alirudi. Bamba limeandikwa jina, miaka ya kuzaliwa na kufa, na chini yake: "Alikwenda Vita vya Kagera 1978, akarudi 1979. Mume, baba na babu." Fundi hakudai nyongeza.

Mtoto wa tatu ameridhika nusu. Amesema wazi kwamba katika eneo ambako watu hufunga safari hadi Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa, lililorudishwa mwaka 1954 baada ya zaidi ya nusu karne, haoni ubaya wa mtoto kumkuza baba yake kidogo. Nimeyaandika maneno yake hapa kwa sababu si ya kipuuzi, na kwa sababu aliomba yaandikwe.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, nikiangalia nyuma, ni mpangilio wa waliosikilizwa. Kama mzee mwenzake angefuatwa kwanza, ushahidi wake ungebaki kuwa neno la mtu wa nje dhidi ya neno la mtoto. Kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kusema habari za Masaka na homa, mtoto wa tatu alipofika kwa mzee huyo hakwenda kumpinga, alikwenda kusikia zaidi. Pia ilifaa kwamba yeye ndiye aliyesoma wasifu wa pili. Familia nyingi zikipata kosa la aina hii humpokonya kazi aliyekosea na kumpa mwingine, na matokeo yake kunakuwa na wasifu mbili na kambi mbili hadi wajukuu.

Kosa lenyewe halikuwa la uongo, na ni muhimu lieleweke hivyo na wanaosaidia familia nyingine. Mtoto aliyeandika hakubuni hata tukio moja. Alichukua historia ya kweli ya vita akaijaza pale ambapo baba alikuwa amenyamaza, kwa kuwa ukimya ule ulimtia aibu, akadhani baba asiyesimulia mapigano ni baba ambaye hakufanya lolote. Dalili ya wasifu wa namna hii ni rahisi kuiona: una tarehe nyingi na hauna jasho. Unajua siku Kampala ilipotekwa, lakini haujui marehemu alikula nini, alibeba nini, alikuwa na nani. Anayesaidia kuandika akiuona wasifu wa aina hiyo aulize swali moja tu, nani alimwona, na anyamaze asubiri jibu.

Aya ya vinyungu inafundisha upande wa pili wa kosa hilohilo. Wasifu wa kwanza ulimfanya Mzee kuwa shujaa wa kila pambano, na aya ile ilimfanya kuwa majeruhi wa moyo hadi katika kilimo chake, na zote mbili ziliandikwa na watu waliompenda, wakitumia tukio ambalo hakuwepo. Ya pili ilikuwa hatari zaidi kwa sababu iliandikwa vizuri. Tofauti yake na habari ya kukaa jikoni usiku wa mvua ni kwamba hiyo ina shahidi aliyeiona masika hadi masika, na hata yeye hakudai kujua Mzee alikuwa akiwaza nini pale penye mafiga. Alisema alichokiona.

Yapo yaliyoshindikana. Wasifu haukupaswa kusomwa kaburini bila mtu wa rika la marehemu kuupitia, na muda ulikuwepo: mzee mwenzake alifika asubuhi, akakaa chini ya turubai kwa saa kadhaa, akipewa chai na heshima na asiulizwe kitu. Sauti ya simu nayo ilinusurika kwa bahati. Memori kadi ilikuwa imeanza kusumbua, na sehemu ya mwanzo, ambamo mjukuu anasema babu alitaja majina ya wenzake wa machela, haikufunguka. Sasa nakala zipo kwenye flashi tatu, moja ikiwa ofisi ya usharika, lakini majina yale yamepotea, na mzee mwenzake anakumbuka mawili tu.

Kosa ambalo familia ililiona kwa kuchelewa kabisa linahusu yule kijana wa tatu. Alitajwa kwa jina siku ya arobaini, mbele ya watu, bila ndugu zake kuarifiwa mapema. Dada yake, ambaye ni bibi mzee sasa, alikuwepo, na kwa mara ya kwanza tangu 1979 alilisikia jina la kaka yake likitamkwa hadharani. Hakukasirika. Alikuja kesho yake na kuku, akaomba nakala ya ukurasa ule, na akauliza kama sauti ya simu ina lolote zaidi kumhusu. Ilikuwa nalo, katika sehemu ambayo haikuchezwa. Binti mkubwa na mama walimsikilizisha peke yake, na wakakubaliana naye kwamba hiyo ni mali ya ukoo wake, hivyo haitaongezwa kwenye wasifu wa Mzee wala kuelezwa katika uchambuzi huu.

Dada huyo hajawahi kufika Kaboya. Familia ya Mzee imeahidi kumpeleka baada ya viazi vya msimu huu kuuzwa, na mtoto wa tatu amesema nauli na malazi ni juu yake.